Theluji ya Zambarau

Verlyn Tostrud hakuijua rangi nyekundu. Usimcheke. Wanaume wa namna hiyo wapo tele, ila wengi wao hawakujitia kupiga picha na kuzitundika maktaba watu waje wazitazame.

Alizaliwa hivyo, na upofu wake wa rangi, huku kwetu Minnesota ya magharibi ambako kati ya shamba na shamba kuna maili nzima ya upepo mtupu. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, tope fulani lisilo na jina. Alipokuwa darasa la kwanza alimchora ng'ombe wa baba yake akampaka kijani kutoka pembe hadi kwato. Darasa zima likavunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao bila kujua kinachochekwa. Aliyemfumbua macho ni dada yake Arlys, aliyemzidi miaka mitatu. Alimngoja nje ya mlango wa shule, akamshika mkono, akamwambia, "Kuanzia leo, kabla hujapaka kitu, niulize mimi kwanza."

Basi akawa anamuuliza. Miaka sitini na ushei akamuuliza. Tai ya kuvaa kanisani, nyanya ipi imeiva, nyama ipi bado mbichi katikati. Arlys aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, na siku hizo zote simu ya Verlyn ilikuwa ikilia jikoni kwake kuuliza kama soksi zinafanana. Yeye mwenyewe hakuoa. Aliwahi kumpenda mwanamke mmoja wa kiwanda cha siagi, lakini alichelewa kusema, kama walivyo watu wetu, na mwanamke akachoka kungoja akaenda zake.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, miaka thelathini na mmoja. Unatoka alfajiri na mapema, mbele yako hakuna kitu ila weupe, na kwenye weupe huo miti imesimama uchi. Hapo ndipo alipoipenda. Watu wengine walingoja majani ya Oktoba, wakashuka magarini na kamera zao wakipiga kelele, "Oh, tazama! Tazama!" Verlyn alitazama akaona tope lilelile. Lakini majani yakishapukutika, hapo naye alikuwa na la kusema. Alijua mti upi umepigwa na radi na upi umekua ukiukimbia upepo. Alijua matawi yapi yameota mawili mawili na yapi yamepishana. Siku aliyostaafu wenzake walimpa keki na kadi ya ununuzi ya duka la mjini, na kwa ile kadi akaongezea zake akanunua kamera.

Utauliza kwa nini asipige za nyeusi na nyeupe tu, yakaisha. Alijaribu. Alimwonyesha Arlys, na Arlys akakunja uso.

"Hii ni ya kuweka juu ya jeneza," akasema. "Miti haiko hivi, Verlyn."

"Iko vipi?"

"Leta kiti nikuonyeshe."

Ikawa hivyo. Yeye hupiga, halafu wawili hao hukaa mbele ya kompyuta, Arlys akiwa na kikombe cha kahawa, Verlyn akishika kipanya. Kwenye ile programu ya picha kuna vidude vya kuburuta, kimoja cha kila rangi. "Ongeza manjano kidogo. Basi, basi! Umepita, rudi. Hapo. Ondoka hapo mkono." Verlyn hakuona tofauti yoyote. Aliburuta alikoambiwa na kuacha alipoambiwa, na picha zikatoka nzuri, kila mtu alisema, na kwenye maonyesho ya wilaya akapata utepe wa mshindi wa pili. Akauliza ni wa rangi gani. Arlys akamwambia ni mwekundu, na wote wawili wakacheka hadi machozi.

Kisha mifupa ya Arlys ikaanza kumsumbua. Daktari akasema baridi ya huku si rafiki yake. Mwaka wa kwanza alikwenda Arizona kwa miezi mitatu kama wazee wengine wanavyofanya. Mwaka wa pili mitano. Mwaka wa tatu akauza nyumba. Verlyn alimsaidia kufunga vyombo kwenye maboksi, akamfungia na mashine ya kahawa, na hakusema neno. Alikwenda kumtembelea mara moja, Januari, akakuta miti ya huko imejaa majani katikati ya msimu wa baridi. Aliona haya kwa niaba ya ile miti.

Lakini walipata njia. Jumamosi Verlyn hutuma picha kwa kompyuta, na Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, humpigia simu. Arlys kule anaifungua picha kwenye skrini yake, Verlyn huku anashika kipanya, na kila anachoburuta huku kinaonekana kule.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Kijani kimezidi. Punguza."

"Hapo?"

"Punguza tena kidogo. Hapo hapo, mdogo wangu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Saa nzima iliyobaki waliongea juu ya nani amekufa, nani amenunua trekta, kuku wa Arlys alivyokauka kwenye oveni. Wiki nzima Verlyn aliishi kwa ajili ya saa hiyo. Sitii chumvi hapa. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshaanza kuhesabu.

Sasa, mwaka juzi, habari zikaja kuhusu miti ya nyumbani kwao. Shamba la Tostrud liliuzwa zamani na nyumba ikabomolewa, lakini safu sita za miti ya kukinga upepo, alizoanza kupanda babu yao, zilibaki. Mwenye shamba sasa ni Darrin Kvale, kijana mwenye adabu tu. Mashine yake ya kupandia mahindi ina upana wa nyumba mbili, na kila ikifika pale lazima izunguke. Alikuja mgahawani msimu wa mavuno, akakaa karibu na Verlyn, akazungumza habari za mvua kwa robo saa, mwisho akasema Machi, ardhi ikiwa bado imeganda, ataisukuma miti yote kwa katapila.

"Ni yako," Verlyn akamwambia.

"Nilitaka usikie kwangu," akasema Darrin.

Msimu huo wa baridi Verlyn hakupiga kitu kingine. Aliifuata ile miti kwenye ukungu na kwenye jua, kwenye baridi ya kugandisha kope. Safu ya mwisho, karibu na mtaro, ilikuwa ya vichaka vya fito nyembamba alivyopanda mama yao. Arlys alipokuwa msichana alikuwa akimsimamisha mdogo wake mbele ya vile vichaka, theluji imewafika magotini, na kumwambia, "Hizi ni nyekundu, Verlyn. Nyekundu kabisa. Tazama sana." Naye alitazama. Alitazama mpaka machozi yakamtoka kwa baridi, na kila mara alitamani ile nyekundu ije, hata mara moja tu, ampendeze dada yake. Haikuja.

Akapata picha kumi na mbili. Kila Jumapili Arlys alimwelekeza, akazichapisha kubwa, akazitia fremu. Maktaba ya mjini ikampa ukuta mmoja wa kuzitundika.

Siku ya ufunguzi walikuja watu arobaini, na kwa mji wetu huo ni umati. Palikuwa na kahawa na vipande vya keki vya akina mama wa kanisa. Watu walisimama mbele ya picha, wakainamisha vichwa upande, wakasema, "Hii ni tofauti."

Mungu wangu. Asiyetujua atadhani ni sifa. Huku kwetu mtu akila chakula kibovu nyumbani kwako atasema ni tofauti, na mwanao akitoboa pua watasema hivyo hivyo. Verlyn alizaliwa papa hapa. Alilisikia neno hilo mara kumi na moja. Alitaka kuuliza kuna kasoro gani, ila kuuliza si desturi, na kujibu ndiyo kabisa. Alimaliza kahawa yake akarudi nyumbani.

Picha zikakaa ukutani wiki mbili, na hakuna aliyefungua mdomo. Aliyekuja kuufungua ni mkutubi, Concetta Ruggiero, mzaliwa wa New Jersey, mama ambaye mdomo wake hauna breki. Siku ya ufunguzi alikuwa kwao kwenye harusi ya mpwa wake. Aliporudi alisimama katikati ya maktaba bado amevaa koti, akatazama ukutani, na Verlyn alikuwa pale anasoma gazeti.

"Mzee Verlyn," akaita, sauti ikafika hadi chooni. "Mbona theluji yako ya zambarau?"

Maktaba nzima ikainamia vitabu.

"Ya nini?" Verlyn akauliza.

"Zambarau! Kama nguo ya askofu! Na hii miti, hii miti imekuwa kama imepigwa ngumi. Ulikusudia?"

Verlyn alikunja gazeti pole pole. "Mimi rangi sizioni vizuri," akasema, na huyu alikuwa mtu wa kwanza nje ya familia kuambiwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Concetta akaweka mkoba chini. Tusi lake la kwanza lilimwendea kila mtu wa mji huu, mmoja mmoja, kwa kunyamaza wiki mbili. La pili lilikuwa la Kiitaliano. Kisha akamvuta Verlyn hadi kwenye kompyuta ya ofisini kwake, wakafungua picha moja.

"Weka mshale juu ya theluji. Umeona hizo namba tatu pale pembeni? Ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Zisome."

"Mia mbili thelathini. Mia moja tisini na tano. Mia mbili thelathini."

"Theluji nyeupe, hizo tatu zinatakiwa zikaribiane. Ya kijani kwako imeporomoka. Ipandishe mpaka ziwe sawa. Huhitaji macho, mzee, unahitaji kujua kuhesabu!"

Akaipandisha. Mia mbili thelathini, tatu zote. Concetta akapiga makofi, akasema ndiyo hiyo, theluji hiyo, wala hakuna zaidi. Katika nusu saa walikuwa wamezinyoosha picha zote kumi na mbili. Alitegemea mzee atafurahi. Verlyn alishukuru, akavaa kofia, akatoka akakaa garini bila kuwasha injini.

Namba. Kumbe zilikuwepo siku zote hapo pembeni ya skrini, na alizidharau. Kuanzia leo hakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote chochote, na jambo hilo lilimuuma kuliko ile zambarau. Halafu hasira ikampanda, akawasha gari. Arlys alikuwa ameiona theluji ile. Yeye ndiye aliyesema punguza, punguza tena, hapo hapo mdogo wangu. Ama alikuwa akimchezea, ama hakuwa akitazama kabisa, amechoka naye, anamjibu huku anafanya mambo yake. Alizipima zote mbili hadi Jumapili, na kila moja ilikuwa chungu kuliko mwenzake.

Jumapili saa nane ikapita. Simu ilikuwa mezani, naye alikuwa mbele yake amebana mikono kwapani.

Jumatatu asubuhi ikalia yenyewe.

"Umekufa?" Arlys akauliza.

"Sijafa."

"Mbona hukupiga jana?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani, we uliyestaafu?"

"Arlys, theluji ni rangi gani?"

"Nyeupe, we mtoto."

"Kwenye picha zangu ni zambarau. Zote. Mji mzima umekuja kula keki ukaziona."

Alingoja dada yake abishe, maana Arlys alikuwa mtu wa kubisha hata na redio. Arlys akasema kwa sauti ndogo, "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ulijua!"

"Sikujua. Nilikuwa naogopa iwe hivyo."

"Uliogopa, na bado ukaniacha niaibike! Kama umechoka na mimi si useme? Miaka yote hii nakutegemea wewe, halafu..."

"Verlyn. Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni, Verlyn. Macho. Katikati pamekufa. Nikimtazama mtu usoni naona masikio tu. Daktari anasema hairudi."

Verlyn alikaa. "Tangu lini?"

"Pasaka ya mwaka jana ilianza. Kufikia Novemba nilikuwa siwezi kusoma kitabu cha nyimbo."

"Na picha zangu?"

"Naona mwanga. Najua ni nyumbani kwa kuwa umeniambia ni nyumbani. Nakusikia unapumua unangoja, nami nasema punguza kijani. Kamera yako siku zote ilizidisha kijani. Nilikuwa nabahatisha."

"Kwa nini usiseme? Kitu gani kilikuzuia, dada?"

"Ningesema, ungefanya nini? Ungeenda kwa mtu aliye karibu. Ungefundishwa kitu."

Verlyn akahamishia simu sikio la pili, na Arlys akaelewa.

"Umeshafundishwa," akasema.

"Kuna namba," Verlyn akakiri.

"Haya. Ndiyo hayo sasa. Una namba, na mimi sina macho, na miti inaondoka. Utanipigia kuniambia nini? Watu wetu unawajua, Verlyn. Mama alikaa maili nne tu na dada yake, na aliinua simu siku ghala lilipoungua tu. Sisi hatuwezi. Tunahitaji ghala liungue. Mimi nilikuwa naitaka ile saa nane. Ndiyo hiyo tu. Nisamehe kwa theluji yako."

Verlyn alitaka kusema kitu. Badala yake akasema haya, basi, ajitunze, na jua lisimchome. Wakakata simu, na alijichukia siku nzima.

Alipokwenda maktaba Concetta alikuwa ameshapanga kuzichapisha upya zote, nyeupe pe. Verlyn akamwambia aziache zilivyo.

"Zambarau?"

"Zambarau."

"Watu watasema."

"Watu wa hapa?" Verlyn akauliza, na mama wa New Jersey akaishiwa maneno kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu.

Katapila lilikuja Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Verlyn aliegesha gari kando ya barabara. Darrin alimletea kahawa ya chupa, wakasimama pamoja. Mti ulioganda haupigi kelele nyingi ukisukumwa. Unakatika mara moja, kavu, na mizizi inatoka na udongo mweusi. Safu ya mama yao ilikwenda mwisho, na haikuchukua hata dakika. Kamera ilikuwa kitini. Hakuigusa. Saa sita mchana ungeweza kusimama pale ukaona moja kwa moja hadi mji wa pili.

Jumamosi hakuwa na picha ya kutuma.

Jumapili alikwenda kanisani, akala, akaosha sahani, akaikausha, akaiosha tena. Kompyuta aliiacha imezimwa. Hakukuwa na mti, hakukuwa na rangi ya kuuliza, na hakuna aliyekufa wiki ile, alikuwa ametazama gazetini kurasa zote. Alitafuta sababu kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Moyo ulimwenda mbio, mtu mzima wa miaka sabini na moja, kama siku zile za kiwanda cha siagi. Saa nane akapiga.

"Verlyn?" Arlys akaitika kabla haijalia mara ya pili. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Umetuma picha? Mie hata nikifungua..."

"Sijatuma. Hakuna picha. Miti wameisukuma Jumanne."

"Yote?"

"Yote."

"Basi ndiyo uliyopigia."

"Hapana," akasema Verlyn. "Siyo hiyo."

"Nini sasa? Unaumwa?"

"Siumwi. Sina neno lolote, Arlys. Nimekukumbuka tu. Nakukumbuka kila siku, dada, tangu siku ile ya maboksi. Nimepiga kwa hilo."

Alisikia feni ikizunguka kule Arizona. Ilizunguka muda mrefu hadi akadhani simu imekatika, akaitoa sikioni akaitazama, akairudisha.

"Upo?" akauliza.

"Nipo," Arlys akasema, na pua ilikuwa imemziba. "Ngoja nivute kiti."